Wanjau Ndani ya Ojwang': Lafudhi, Jukwaa na Bonde la Ufa

Kipo kipimo kimoja cha uigizaji ambacho kimezoeleka mno madarasani na magazetini, nacho ni kuhesabu nyuso. Mwigizaji aliyekuwa mfalme katika mchezo mmoja, mwizi katika wa pili na daktari katika wa tatu husifiwa kuwa ni mwigizaji mpana. Yule aliyevaa uso mmoja kwa miaka mingi hutiwa katika kapu la wachekeshaji, na likishafungwa kapu hilo ni nadra mhakiki kulifungua tena. Kwa kipimo hiki Benson Wanjau, ambaye Kenya nzima ilimjua kwa jina la Mzee Ojwang' Hatari, hana pa kuwekwa isipokuwa kapuni. Makala haya yanashikilia kwamba kipimo chenyewe kina kasoro. Wanjau alikuwa miongoni mwa waigizaji wapana zaidi waliowahi kuonekana kwenye runinga ya Kiswahili nchini, na upana wake ulikuwa katika umbali aliousafiri kutoka nafsi yake hadi kwa mhusika wake. Aidha, mahali panapofaa zaidi kuupimia umbali huo ni Nakuru na maeneo yanayoizunguka, kwa sababu zitakazoelezwa.

Wanjau alifariki dunia tarehe 12 Julai 2015 katika Hospitali ya Kitaifa ya Kenyatta, akiwa na umri wa miaka 78. Nyuma yake kulikuwa na takriban miaka thelathini ya kuonekana na kusikika katika vipindi ambavyo majina yake yaliingia katika msamiati wa kila siku wa Wakenya: Darubini, Vituko, Vioja Mahakamani, na zaidi ya vyote Vitimbi. Alianza kujulikana wakati shirika la utangazaji lilipokuwa likiitwa Sauti ya Kenya, akaendelea baada ya shirika hilo kugeuzwa kuwa KBC mwaka wa 1989. Hadi KTN ilipoanzishwa mwaka wa 1990, taifa zima lilikuwa na stesheni moja tu ya runinga. Msomaji kijana wa leo, mwenye stesheni kadhaa sebuleni na nyingine mfukoni, hana budi kulizingatia jambo hili. Aliyefungua runinga wakati huo aliona kile alichoonyeshwa, na jirani yake aliona kitu kile kile. Runinga zenyewe zilikuwa chache, hivyo jirani aghalabu alikuwa ameketi chumba kimoja naye. Mzee Ojwang' aliingia katika vyumba hivyo, mara nyingi akiwa bega kwa bega na Mama Kayai, aliyeigizwa na Mary Khavere. Watazamaji wengi waliamini kwamba wawili hao walikuwa mume na mke katika maisha yao halisi. Hawakuwa.

Hata hivyo, imani ile ya ndoa ilikuwa ndogo ikilinganishwa na imani nyingine. Umma mkubwa wa watazamaji uliamini kwamba mzee yule alikuwa Mluo. Jina lilikuwa la Kiluo, lafudhi ilikuwa ya Kiluo, namna ya kujitukuza, ya kulalamika na ya kumwita mkewe ilikuwa ya mzee wa Kiluo aliyehamia mjini zamani bila kuuacha mji wake wa asili. Kumbe aliyekuwa ndani ya koti na kofia ile alikuwa Mkikuyu. Na Mama Kayai wake? Jina la Khavere lenyewe ni la Uluhyani. Yaani nyumba ile mashuhuri ya "Waluo" kwenye runinga ya taifa ilijengwa na Mkikuyu na Mluhya, kwa matofali ya Kiswahili.

Hapa ndipo mwanafunzi wa Kiswahili anapopaswa kusita kidogo, kwa kuwa jambo hili mara nyingi hutajwa kama kichekesho cha pembeni na kuachwa hivyo. Kuigiza lafudhi ya kabila jingine kwa dakika mbili ni jambo jepesi. Kila shule ya upili ina mvulana anayelifanya kwenye usiku wa burudani. Kuishikilia lafudhi hiyo kipindi baada ya kipindi, mwaka baada ya mwaka, katika hasira, katika mapenzi, katika uongo na katika kubabaika, ni kazi ya aina nyingine kabisa.

Na tuitazame kazi hiyo kwa jicho la kiisimu. Msemaji wa Kiswahili ambaye lugha yake ya kwanza ni Kikuyu hutambulika kwa alama mbili tatu ambazo kila Mkenya anazijua. Kitambaza /l/ na kimadende /r/ humbadilikia, hivi kwamba "kulala" yaweza kuwa "kurara". Vipasuo ghuna humjia vikiwa vimetanguliwa na nazali, na "duka" likawa "nduka". Mluo hana matatizo hayo. Dholuo hutofautisha /l/ na /r/ waziwazi, na msemaji wake huyatamka maneno hayo bila taabu. Taabu yake iko kwingine. Dholuo haina /sh/, wala /z/, wala /v/. Kwa hiyo "shida" humtoka kama "sida", na "shule" kama "sule". Hii ina maana kwamba Wanjau alikuwa na kazi mbili kwa wakati mmoja. Alipaswa kuyafuta makosa ambayo ulimi wake ungeyafanya kwa urahisi, kisha kuyatia makosa ambayo ulimi wake haukuwa na sababu yoyote ya kuyafanya. Sauti jirani na /sh/ ipo katika Kikuyu. Kuikosa kulikuwa ni uamuzi.

Kazi hiyo haikuishia katika fonolojia. Kikuyu, kama Kiswahili, ni lugha ya Kibantu yenye ngeli. Mkikuyu huzaliwa katika mfumo wa upatanisho wa kisarufi hata kama viambishi vyake si vile vya Kiswahili. Dholuo ni lugha ya Kiniloti isiyo na mfumo huo. Mzee Ojwang' alipaswa kuzipita ngeli kama mtu anayevuka barabara bila kutazama taa, naye Wanjau alipaswa kulifanya hilo bila kuonekana kwamba amejizuia. Anayedhani ni rahisi na ajaribu kuizungumza lugha anayoijua vyema kwa makosa ya watu wengine kwa muda wa nusu saa, bila kuteleza akaingia katika makosa yake mwenyewe. Katika kumbi za vyuo vyetu, mwigizaji aliyefaulu kulifanya hilo katika onyesho moja hupigiwa makofi wiki nzima.

Linalostahili kuongezwa ni kwamba Wanjau hakuzidisha. Mwigizaji dhaifu anapoiga lafudhi hulipakaza kila neno, mfano wa mpishi mgeni aliyeshika bizari. Msemaji halisi hafanyi hivyo. Hukosea hapa akapatia pale, hujirekebisha, huboresha matamshi anapoongea na mkubwa na kuyaachilia anapogombana na mkewe. Mzee Ojwang' alikuwa na viwango hivyo. Akiwa mbele ya hakimu katika Vioja Mahakamani, lugha yake ilivaa tai. Akiwa nyumbani katika Vitimbi ilivua viatu.

Kuhusu jukwaa na runinga, neno moja linatosha. Vipindi hivi vilikuwa maigizo ya jukwaa yaliyotiwa ndani ya kamera. Mandhari yalikuwa machache: meza, viti, kizimba cha mahakama. Hakukuwa na kufukuzana kwa magari wala mandhari ya kupendeza ya kumficha mwigizaji anaposhindwa. Kila kitu kilitegemea mazungumzo, uso na mwendo, kama ilivyo jukwaani. Anayetaka kujua kama mwigizaji wa runinga angeweza kustahimili jukwaa na amtazame Wanjau akiwa ameketi tu, anasikiliza uongo wa mwenzake, na hadhira inaanza kucheka kabla hajafungua kinywa.

Pamekuwepo na bado papo pingamizi kutoka kwa watetezi wa usanifu. Husemwa kwamba vipindi hivi viliharibu Kiswahili. Kwamba mtoto aliyemsikiliza Mzee Ojwang' Ijumaa alikuja na ngeli zilizovunjika darasani Jumatatu. Kwamba wanafunzi wa Kenya tayari wana maadui wa kutosha, Sheng' ikiwa wa kwanza, na hawakuhitaji mwingine kutoka kwa shirika la umma. Hoja hii si ya kupuuzwa. Walimu wanaoitoa ndio wanaosahihisha insha, na wanajua wanayoyaona. Lakini inasahau kwamba ucheshi wa lafudhi haufanyi kazi pasipo kuwepo kwa kipimo. Ili mtoto acheke "sule" sharti ajue kwamba ni "shule". Katika kila kicheko cha Vitimbi mlikuwa na somo la matamshi sanifu lililofanyika kimyakimya kichwani mwa mtazamaji. Isitoshe, katika vipindi hivyo hivyo walikuwepo wahusika wenye Kiswahili kilichonyooka, hasa mahakamani, na mtazamaji aliweza kuvipima viwili hivyo papo hapo. Mwalimu mbunifu angelitumia pengo hilo darasani. Kuliharamisha ni kupoteza kifaa cha kufundishia ambacho hakikugharimu shule hata senti moja.

Pingamizi la pili ni zito zaidi, nalo ni la kimaadili. Je, kuicheka lafudhi ya Mluo si kumcheka Mluo? Na kama aliyeibeba lafudhi hiyo ni Mkikuyu, je, si dhihaka juu ya dhihaka? Swali hili haliwezi kujibiwa kwa nadharia peke yake. Ndiyo maana makala haya yanarudi Nakuru.

Nakuru ilikua kama mji wa reli, ikapewa hadhi ya mji mwaka wa 1904, na kufikia tarehe 1 Desemba 2021 ilikuwa jiji. Katikati ya miaka hiyo iliwakusanya watu kama ambavyo miji michache ya Kenya iliwahi kufanya. Mashamba ya masetla yaliyoanzia Naivasha hadi Njoro, Molo na Subukia yalihitaji vibarua, na vibarua walitoka Kikuyuni, Ukisii, Uluhyani na Ujaluo, wakaja katika ardhi ambayo Wamaasai na Wakalenjin waliijua kwa majina mengine. Baada ya uhuru zikaja skimu za makazi na kampuni za kununua mashamba. Mtu akitembea leo kutoka Bondeni hadi Kaptembwo, akapitia Langa Langa na Rhonda, atasikia lugha za nusu ya nchi. Hakuna kinachowaunganisha watu hao sokoni, katika matatu na kwenye foleni ya maji isipokuwa Kiswahili, na kila mmoja wao ana Kiswahili chake. Katika mji wa namna hii lafudhi si pambo la ucheshi. Ni kitambulisho cha pili, kinachosomwa kabla ya kile cha mfukoni.

Kitambulisho hicho kimewahi kugharimu roho za watu. Mapigano ya Molo mwaka wa 1992, ya Njoro mwanzoni mwa mwaka wa 1998, kisha yale ya baada ya uchaguzi wa Desemba 2007, yote yalipita katika eneo hili. Tume iliyoongozwa na Jaji Philip Waki iliripoti mwezi wa Oktoba 2008 kwamba watu 1,133 waliuawa nchini katika machafuko hayo ya mwisho. Katika Bonde la Ufa kaskazini, kanisa la Kiambaa karibu na Eldoret lilichomwa tarehe 1 Januari 2008 likiwa limejaa Wakikuyu waliokuwa wamekimbilia humo. Mwishoni mwa mwezi huo huo kisasi kiliingia Nakuru na Naivasha. Tarehe 27 Januari, watu 19, watoto miongoni mwao, waliteketezwa ndani ya nyumba moja katika mtaa wa Kabati mjini Naivasha. Nyumba ililengwa kwa kuwa wakaazi wake walikuwa Waluo. Barabarani, vijana waliokuwa wameshika mapanga walidai vitambulisho ili wasome majina.

Sasa na msomaji ayatafakari majina mawili ya mwigizaji mmoja. Jina la Ojwang' lingetosha kumwua mtu Naivasha wiki hiyo. Jina la Wanjau lingetosha kumwua mtu Burnt Forest wiki chache kabla. Mzee mmoja aliyabeba yote mawili, moja mfukoni na jingine usoni, na nchi iliyokuwa ikichinjana kwa majina hayo ilikuwa imeketi mbele yake ikicheka pamoja kwa zaidi ya miaka ishirini. Hakuna anayeweza kudai kwamba Vitimbi ilizuia hata panga moja. Madai ya aina hiyo, kwamba sanaa huleta amani, yametolewa kwa wingi mno katika warsha na yamechakaa. Lakini linaloweza kusemwa bila kuzidisha ni hili: Mkikuyu huyu alimwigiza Mluo kwa miongo kadhaa, na Waluo wenyewe walimpokea kama mzee wao. Dhihaka haipokelewi hivyo. Mtu anapodhihakiwa hujua, tena hujua upesi kuliko anayemdhihaki.

Tofauti iko wapi? Dhihaka humtazama mhusika kutoka nje na humtumia kwa jambo moja tu. Mzee Ojwang' alikuwa mjanja na mjinga, mchoyo na mkarimu, mwoga anayejisifu, mume anayeshindwa na mkewe kila wiki na kurudi wiki iliyofuata kana kwamba hakushindwa. Lafudhi ilikuwa nyumba aliyokaa. Kichekesho kilitokana na tabia. Ukiibadilisha lafudhi hiyo iwe ya Kikamba au ya Kikalenjin, matukio mengi ya Vitimbi yangebaki yakichekesha. Hilo ni jaribio linaloweza kutumiwa kwa mchekeshaji yeyote wa kikabila, na wengi wa wale waliojaza kumbi na runinga baada yake wangelikwama. Ukiwaondolea lafudhi hawabaki na kitu.

Mfano mwingine wa mwendo huo huo wa kuvuka mipaka unapatikana katika filamu, na unagusa ardhi ya Nakuru moja kwa moja. Kimani Ng'ang'a Maruge, aliyejiandikisha katika darasa la kwanza katika Shule ya Msingi ya Kapkenduiyo mjini Eldoret mwezi wa Januari 2004 akiwa na umri wa miaka 84, alitimuliwa makwao na machafuko yale ya 2008, akafariki tarehe 14 Agosti 2009 na kuzikwa katika shamba lake Subukia. Mwaka uliofuata ilitoka filamu ya The First Grader, iliyoelekezwa na Mwingereza Justin Chadwick. Aliyemwigiza Maruge, Mkikuyu na mpiganaji wa zamani wa Mau Mau, alikuwa Oliver Litondo, mwanahabari na msomaji wa habari za runinga wa miaka ya nyuma, ambaye jina lake linamrudisha Magharibi mwa Kenya. Litondo alifanya kazi kubwa. Kimya chake katika filamu hiyo kinastahili kusomwa kama tunavyosoma ushairi. Hata hivyo, filamu iliwalenga watazamaji wa dunia na kwa hiyo ilizungumza Kiingereza kwa sehemu kubwa, pamoja na wanakijiji ambao katika maisha halisi wangezungumza Kiswahili au lugha zao. Mwigizaji alipewa mhusika lakini akanyang'anywa lugha ya mhusika. Ni kama kumpa fundi mbao nzuri na kumficha randa. Wanjau, aliyefanya kazi kwa mandhari ya meza na viti, alikuwa na kile ambacho bajeti ya filamu ile haikuweza kumnunulia Litondo: lugha ambayo mhusika wake angeitumia kweli.

Inawezekana kwamba mfano huo unamwonea Chadwick. Filamu hutafuta soko, na soko la Kiswahili bado halijawalipa watu gharama zao. Lakini mwanafunzi wa fasihi ya Kiswahili halazimiki kulisikitikia soko.

Haki inadai pia kwamba mipaka ya Wanjau itajwe. Ojwang' aliishi katika runinga ya dola, na katika runinga hiyo vichekesho viliishia mlangoni mwa chifu. Mume, mke, mpangaji, mkopo, mgeni asiyeondoka: hizi ndizo mada zilizoruhusiwa. Wakati Wahome Mutahi alipokuwa akiipeleka michezo yake ya Kikuyu katika mabaa, na kikundi cha Redykyulass kilipokuwa kikimwiga rais aliye madarakani mwishoni mwa miaka ya 1990, Vitimbi ilibaki pale pale jikoni. Aliyetafuta kejeli ya kisiasa hakuitafuta kwa Mzee Ojwang'. Mwanamke naye, ijapokuwa Mama Kayai alishinda karibu kila ugomvi, alishinda ndani ya nyumba tu. Haya ni mapungufu ya wakati na ya mwajiri zaidi kuliko ya mwigizaji, lakini ni mapungufu. Kwamba jukwaa bado linaitia dola hofu lilionekana Nakuru yenyewe mwezi wa Aprili 2025, pale tamasha la kitaifa la drama lilipogeuka uwanja wa vitoza machozi kwa sababu ya mchezo wa wasichana wa Shule ya Butere. Wanjau hakuwahi kutupiwa kitoza machozi. Alichekewa na waliotawala na waliotawaliwa, na mhakiki ana haki ya kuuliza kama kupendwa na wote hakukuwa na bei yake.

Bei ya aina nyingine aliilipa mwenyewe. Katika miaka yake ya mwisho macho yalimsumbua, na wananchi walichangishana ili atibiwe. Wengi waliguswa na ukarimu huo, na walikuwa na haki ya kuguswa. Lakini harambee ni njia ya kumshughulikia mtu ambaye hakuna mpango wowote uliowekwa kwa ajili yake, na waliokuwa wakichekeshwa kila wiki na mzee yule hawakuwahi kujiuliza anakula nini.

Vyuo vikuu navyo vilimfanyia nini? Mtaala wa tamthilia ya Kiswahili unajua vitabu. Mwanafunzi atakayemaliza shahada yake atakuwa amemsoma Ebrahim Hussein, Said Ahmed Mohamed, Alamin Mazrui, Kithaka wa Mberia na Timothy Arege, na ni vyema. Lakini atakuwa amezisoma tamthilia hizo kama riwaya zilizoandikwa kwa mazungumzo. Swali la mtihani litauliza dhamira, maudhui, mbinu za lugha na ploti. Haliulizi mwigizaji alisimama wapi, alinyamaza kwa muda gani, au alilitamkaje neno. Kwa kuwa Vitimbi haikuchapishwa ikawa kitabu cha kutahiniwa, haimo. Hivyo mwigizaji aliyesikilizwa na Wakenya wengi kuliko msomaji yeyote wa kitabu teule hana hata sura moja katika vitabu vya historia ya drama vinavyofundishiwa. Wenzetu wa fasihi simulizi walikwisha kulitatua tatizo hili tangu zamani: walikubali kwamba utendaji ni matini. Drama ya runinga inangoja ukarimu huo huo.

Kanda ndizo zenye haraka. Vipande vya Vitimbi na Vioja Mahakamani vinapatikana kwenye intaneti, vimekatwakatwa, bila tarehe, bila majina ya waelekezi, mara nyingi vikiwa na vichwa walivyovibuni waliovipandisha. Mtafiti hawezi kujenga hoja juu ya vipande kama hivyo. Panahitajika mapatano kati ya idara za Kiswahili na mwenye kanda, ili vipindi vilivyosalia viorodheshwe kwa tarehe, vinakiliwe na viwekwe mahali ambapo mwanafunzi anaweza kuketi na kusikiliza. Chama cha wanafunzi hakiwezi kufanya mapatano ya aina hiyo peke yake, lakini kinaweza kuanza na upande wa watazamaji. Wazee wa Bondeni na Kaptembwo waliomtazama Ojwang' katika miaka ya 1980 bado wapo, na kinasa sauti kiko katika kila simu. Wangeulizwa walikuwa wakitazamia kwa nani, nani alikuwa ameketi chumba kimoja nao, walimdhania kuwa mtu wa wapi, na walisikia lini kwamba jina lake ni Wanjau.

Kwa mwanafunzi wa fonolojia kazi iko tayari, tena haihitaji ruzuku. Achukue kipindi kimoja cha Vitimbi ambacho tarehe yake inajulikana. Akinukuu kwa alama za kifonetiki. Kisha amtafute mzee Mluo aliyeishi Nakuru miaka mingi, amrekodi kwa muda ule ule akizungumza Kiswahili cha nyumbani, na alinganishe: /sh/ iligeuka /s/ mara ngapi, ilibaki /sh/ mara ngapi, na ilibaki mbele ya nani.